Mega Man 11: Gia za Wily mikononi mwa Mzee Light

Ukibonyeza kitufe cha bega la kulia, dunia nzima inapunguza mwendo. Risasi zinaelea hewani, tofali lililokuwa likikuangukia linashuka kama unyoya, na Mega Man anapata nafasi ya kupenya chini yake. Hapo hapo geji ya joto inaanza kupanda. Ikijaa kabla hujazima, roboti anachemsha: gia zote mbili, ya kasi na ya nguvu, zinafungwa, na huna la kufanya ila kungoja zipoe huku kila kitu kikirudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Ni muda mfupi tu, lakini katika gemu hii muda mfupi unatosha kumaliza uhai wote.

Geji hiyo ndiyo hoja ya Dk. Thomas Light. Ndiyo pia sababu kubwa ya kuinunua Mega Man 11, iliyotoka tarehe 2 Oktoba 2018 kwa PlayStation 4, Xbox One, Nintendo Switch na kompyuta za Windows, miaka minane baada ya Mega Man 10.

Kwa asiyemfahamu: Light ni yule mzee mnene wa ndevu nyeupe na koti la maabara aliyewaunda Rock, ndiye Mega Man, na dada yake Roll. Gemu ya kwanza ilitoka Japani mwezi wa Desemba 1987, na tangu hapo namba za kiwandani zinasimulia familia nzima. DLN-000 ni Proto Man, aliyetoroka nyumbani. DLN-001 ni Rock, msaidizi wa maabara aliyeomba mwenyewe abadilishwe kuwa roboti wa vita. DLN-002 ni Roll. Cut Man, Guts Man, Ice Man, Bomb Man, Fire Man na Elec Man wanafuata kutoka 003 hadi 008, na wote waliundwa kwa kazi za kawaida: kukata miti, kubeba mawe, kuzalisha umeme. Light haundi silaha kwa hiari yake. Kila mara silaha inamfuata nyumbani.

Tatizo la mfululizo huu ni kwamba kwa miaka mingi mzee huyu amekuwa mtu wa mlangoni. Anakuambia Dk. Wily, hasimu wake wa miaka yote, ameiba roboti nane, anakutakia safari njema, kisha anapotea hadi picha za mwisho. Katika Mega Man 5 alitekwa nyara, katika Mega Man 9 akasingiziwa kwamba roboti wake wameasi, lakini hata huko wasiwasi wake ulikuwa maneno tu kwenye skrini. Gemu ya kumi na moja imeugeuza wasiwasi huo kuwa kitu unachokishika kwa vidole.

Hadithi yenyewe ni fupi. Wily anaota siku za chuo, yeye na Light wakiwa vijana. Light anatetea roboti wenye uwezo wa kufikiri na kuamua wenyewe. Wily ana kifaa chake, Double Gear, cha kumzidishia roboti yeyote kasi na nguvu mpaka hata wa kawaida awe shujaa. Light anakipinga kwa sababu ya kifundi kabisa: mwili wa roboti utaelemewa na mzigo ule. Chuo kinaupokea utafiti wa Light na kuusimamisha wa Wily. Wily anaamka, anakumbuka, anavamia maabara ya Light na kuondoka na roboti nane waliokuwa pale kwa ukaguzi na matengenezo. Rock anaomba apachikwe kifaa hicho hicho, kwa kuwa Light alikuwa bado ameuhifadhi ule mfano wa kwanza na kuutengeneza. Mzee anasitasita, kisha anakubali.

Sasa rudi kwenye geji. Kifaa ni cha Wily, ila yale maonyo ya mzee kule chuoni ndiyo unayoyasoma kila inapopanda. Unacheza ndani ya ubishi wao wa chuoni bila mtu kukuhutubia.

Kosa la kila anayeanza ni kuiwasha Speed Gear, ile gia ya kupunguza mwendo wa dunia, na kuiacha iwake. Ile ni swichi, si breki ya kukanyaga: ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima. Ukiizima geji ikiwa nusu, joto linaanza kushuka papo hapo na unaweza kuiwasha tena wakati wowote kutoka hapo ilipofikia. Ukiiacha ijae, unasubiri mpaka ipoe kabisa. Kwa hiyo iguse kidogo kidogo: washa tofali linapoanza kuanguka, penya, zima ukiwa umeshatua. Usisubiri uone uko salama ndipo uzime. Zima ukiwa bado hewani ikibidi. Jua pia kwamba Mega Man mwenyewe anapunguzwa mwendo kidogo, si maadui peke yao. Ukiruka shimo refu kwa mazoea ya mwendo wa kawaida, kidole chako kitabonyeza mapema kuliko mwili wake.

Power Gear, kwenye bega la kushoto, watu wengi wanaisahau, na ni hasara. Kwa mzinga wa kawaida wa mkononi inatoa risasi mbili za chaji mfululizo badala ya moja. Kwa silaha unazopata ukiwashinda mabosi inabadilisha silaha yenyewe. Tundra Storm, ambayo kwa kawaida ni nguzo ya barafu inayomzunguka Mega Man, inakuwa dhoruba ya kujaza skrini nzima. Block Dropper inamwaga matofali mengi zaidi. Gharama yake ni nguvu ya silaha, inayokwisha haraka. Njia nzuri ni hii: chagua silaha, washa Power Gear, piga mara moja, zima. Geji haitapanda hata robo. Anayeiwasha kisha akaanza kutafuta shabaha ndiye anayelalamika kwamba haina maana.

Ya tatu ndiyo tamu. Uhai ukibaki kidogo sana, bonyeza mabega yote mawili kwa pamoja na Double Gear kamili inawaka: dunia inapungua mwendo na mzinga unapata risasi moja ya chaji kubwa kupita zote. Lakini hakuna kuzima katikati. Ikiisha, Mega Man anabaki hoi: hawezi kuchaji, na anapiga risasi moja moja mpaka mwili upoe. Basi usiiwashe bosi akiwa na nusu ya uhai kwa matumaini. Hesabu kwanza. Ikiwa risasi moja kubwa na chache ndogo zitammaliza, endelea. Kama hazitoshi, tumia tangi la nguvu ujaze uhai, maana ukishachoka mbele ya bosi aliyewasha gia yake mwenyewe, hutoki.

Ndiyo, mabosi nao wanazo. Wakipungukiwa uhai wanawasha moja ya gia hizo, na pambano linabadilika sura. Block Man anavaa matofali mpaka anakuwa jitu la kujaza sehemu kubwa ya skrini. Fuse Man anakuwa mwepesi kiasi kwamba macho hayamfuati. Hapo unaijibu kasi kwa kasi, Speed Gear dhidi ya Speed Gear, na kosa ni kuwa umeimaliza geji yako katika nusu ya kwanza ya pambano. Ingia kwa Fuse Man na Tundra Man na geji baridi.

Mpangilio wa udhaifu ni mduara mmoja safi. Anza na Block Man, ambaye mzinga wa kawaida unamtosha. Block Dropper yake inamuumiza Acid Man. Acid Barrier ya Acid Man inamuumiza Impact Man. Pile Driver ya Impact Man inamuumiza Bounce Man, na inamfaa sana kwa sababu inakurusha mbele ukiwa hewani, huko huko anakodundia. Bounce Ball kwa Fuse Man, Scramble Thunder kwa Tundra Man, Tundra Storm kwa Torch Man, Blazing Torch kwa Blast Man, na Chain Blast inamrudia Block Man. Pile Driver hiyo usiiweke kwa ajili ya bosi tu: ule mrusho unavusha mashimo ambayo kuruka kwa kawaida kunayashindwa kwa inchi moja. Na kila silaha safari hii inambadilisha Mega Man kofia na mkono, si rangi tu kama zamani. Kwa jicho la mchezaji hilo si urembo, kwani katikati ya vurugu unajua umeshika nini bila kutazama pembeni.

Silaha zinachaguliwa kwa kusukuma kijiti cha kulia upande wake, bila kufungua menyu. Rush naye, mbwa wa Light, ana vitufe vyake: Rush Coil wa kukurusha juu unaye tangu mwanzo, na Rush Jet wa kupaa anakuja ukishawashinda mabosi wanne. Waliozoea kusimamisha mchezo kila mara ili kumwita mbwa watashukuru.

Kuhusu hatua zenyewe, ubora haulingani. Ya Torch Man ndiyo bora: msitu wa kambi ya mahema, halafu ukuta wa moto unaokufukuza kutoka nyuma. Ukikugusa umekufa. Speed Gear inaupunguza mwendo hata huo ukuta, lakini geji haitoshi mbio nzima, hivyo inabidi uchague vikwazo viwili au vitatu vya kuitumia na vingine uvipite kwa miguu yako. Hapo ndipo gia inapofikia kilele chake. Ya Block Man nayo ni shule nzuri, mahame ya piramidi yenye mikanda inayokusukuma kwenye visagio. Ya Fuse Man ina nyaya na kuta za umeme zinazowaka na kuzima kwa zamu, na asiyeigusa Speed Gear huko atajuta. Ya Bounce Man ni kero tupu. Mipira inakurusha upande kulingana na sehemu uliyoigonga, hatua ni ndefu, na ukikosea kipimo unarudishwa nyuma mara kwa mara. Kwenye mipira usishindane nayo: washa Speed Gear kabla ya kugonga, lenga sehemu itakayokurusha unakotaka kwenda, kisha zima.

Sasa duka. Adui akilipuka huacha bolti, na bolti ndizo pesa za maabara ya Light. Kati ya hatua na hatua unaingia humo na kununua matangi, maisha, na vipuri vya kudumu. Katikati ya hatua duka halipo, kwa hiyo manunuzi ni ya kupanga kabla.

Kipuri cha kwanza kiwe Energy Balancer. Ukiokota nguvu ya silaha wakati umeshika mzinga wa kawaida, inakwenda yenyewe kwa silaha iliyopungukiwa badala ya kupotea. Bila hicho utakuwa unabadilisha silaha kila ukiona kidonge chini, na mchezo unakatikakatika. Kinachofuata ni Cooling System, kinachopoza geji haraka. Ukiwa na mazoea ya kuchemsha, hicho kinakusamehe makosa mengi. Auto Charge Chip inachaji mzinga bila kushikilia kitufe, na inakipa kidole gumba chako kazi ya kuruka tu. Speed Gear Booster inamrudishia Mega Man mwendo wake wakati dunia imepungua. Hicho ni kitamu ila kina madhara: mazoea yote ya kuruka uliyojifunza awali yanabidi yafundishwe upya, hivyo kinunue mapema au uachane nacho. Spike Boots ni kwa barafu ya Tundra Man, na Shock Absorber inapunguza kurushwa nyuma unapopigwa. Hiki cha mwisho kina thamani kuliko jina lake, kwani vifo vingi katika gemu hizi vinatokana na kusukumwa shimoni na pigo dogo, si kumalizwa uhai.

Katika vitu vya kutumia mara moja, Beat Call, wito wa ndege roboti Beat, inakuokoa shimoni na Pierce Protector inakukinga na miiba. Ukiwa na moja moja ya hivyo na matangi mawili ya nguvu, hatua nyingi za ngazi ya ugumu ya Normal zinapitika.

Ila hapa ndipo Mega Man 11 inapoisaliti hoja yake yenyewe. Bolti ni nyingi mno. Ukishamaliza hatua tatu nne bila haraka, unanunua karibu kila unachotaka, na geji iliyokuwa ikikutia jasho inageuka kuwa pambo. Mzee aliyehofia mzigo wa mashine anakuuzia dawa ya hofu yake kaunta. Mega Man 8, ya mwaka 1996, ililijua jambo hili vizuri: bolti 40 tu zilizofichwa katika gemu nzima, hazitoshi kununua vyote, basi kila kipuri ulichochukua kilikuwa kingine ulichokiacha.

Na anayemfahamu Light kupitia mfululizo wa Mega Man X atahisi tofauti zaidi. Huko ameshafariki, amebaki taswira ya mwanga ndani ya vidonge vikubwa vya mashine alivyomfichia X, roboti wake wa mwisho, njiani. Katika gemu ya kwanza ya X, ya mwaka 1993, buti za kukimbilia ziko kwenye njia kuu ya Chill Penguin, huwezi kuzikosa. Kinga ya mwili iko kwa Sting Chameleon, kofia kwa Storm Eagle, mzinga kwa Flame Mammoth, na hizo unazitafuta kwa ukuta uliovunjika na jukwaa lisilofikika. Unapokikuta kidonge, mzee anazungumza na mwanawe kwa upole, anakupa, anatoweka. Hakuna bolti. Wema wake pale unaugundua kwa kuutafuta, wakati katika 11 umewekewa orodha ya bei. Kama gemu ingemfanya aweke hata vipuri vitatu tu ndani ya hatua, duka lingebaki la matangi na malalamiko haya yasingekuwepo.

Dawa ipo, na ni ya mchezaji mwenyewe: usinunue Cooling System hadi umalize mabosi wanane. Gemu inabaki na makali yake mpaka ngome ya Wily, ambako bosi Yellow Devil MK-III atakurejesha shuleni hata ukiwa na kila kipuri.

Ngazi za ugumu ni nne. Newcomer ina maisha yasiyokwisha na Beat anakuokoa mashimoni. Inafaa kwa mtoto au kwa anayetaka hadithi. Casual ina vituo vingi zaidi vya kuanzia upya ukifa kuliko Normal na ndiyo ya kuanzia kama hujacheza gemu za aina hii kwa muda mrefu. Normal ndiyo iliyopimwa sawasawa. Superhero iache mpaka uijue kila hatua kwa moyo.

Muziki unapita tu. Hauna nyimbo za kukukaa kichwani wiki nzima kama zile za gemu ya pili. Sauti za waigizaji zimesimama vizuri, hasa ukikumbuka Light wa Kiingereza katika Mega Man 8, ambaye jina la adui yake wa miaka yote lilimshinda kutamka na likatoka "Wahwee". Huyu wa sasa anatamka, na unasikia uchovu wa mzee anapokubali kupachika kifaa asichokipenda. Mabosi kwa upande wao wana maneno mengi mno wakati wa kupigana. Ukichoka, menyu ya sauti inakuruhusu kuwapunguza.

Ukimaliza hadithi, kuna changamoto za muda, za kuruka mara chache iwezekanavyo, za kupambana na mabosi mfululizo, na moja yenye jina la mzee mwenyewe: Dr. Light's Trial, vyumba vya maadui kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo inayomheshimu zaidi kuliko duka lake. Unajifunza kuhesabu geji kwa kila chumba: hiki napita kwa mzinga, hiki kwa Power Gear mara moja, kile nalazimika kupunguza dunia. Ukiingia chumba kipya na geji imejaa nusu, tayari umeshakosea chumba kilichopita.

Kabla ya kutoka gemu kamili, Capcom, kampuni iliyoiunda, ilitoa jaribio la bure lenye hatua ya Block Man. Ukilipata kwenye mashine yako, licheze kwa Normal, na uangalie jambo moja tu: umechemsha mara ngapi kabla ya kufika mlango wa bosi. Ikiwa kila mara ulipochemsha ulijua kosa lilikuwa lako, nunua.